Tusingoje Maziko



Katika mkutano wa tawi letu moja la Pemba, mwezi uliopita, lilizuka jambo ambalo hatukupenda lipite bila ya kuandikwa. Liliwekwa mbele ya mkutano ombi la mchango kwa ajili ya mwalimu mmoja wa skuli ya msingi, mama wa watoto wanne, aliyeonekana kuwa na saratani ya shingo ya kizazi na ambaye ametakiwa avuke bahari akatibiwe. Wanachama wetu wawili wanasomesha pamoja naye, na wao ndio walioleta ombi hilo. Akainuka mwenzetu mmoja, mtu mzima ambaye utumishi wake kwa Chama hatuutilii shaka, akasema: "Huyo si wetu. Chama chake kina fedha kuliko sisi. Nakimtazame." Wako waliopiga makofi.

Sisi hatukupiga makofi, na tunataka kueleza sababu.

Visiwa hivi vimeshapita njia hiyo. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 watu walisusiana maduka, wakasusiana magari ya abiria, mpaka wakasusiana maziko. Na baada ya uchaguzi wa 1995 kususiana kukarejea, khasa hapa Pemba. Wako wazee walio hai hadi leo ambao wakipita mbele ya nyumba fulani huinamisha macho, kwa kukumbuka kuwa humo walitoka maiti nao hawakunyanyua jeneza. Je, ni kura ngapi tulizopata kwa haya hiyo?

Lakini hilo tumelitaja kwa kuwa limesemwa hadharani. Liko jengine zito zaidi, nalo latugusa sote, waliopiga makofi na wasiopiga. Sisi watu wa visiwani ni mabingwa wa maziko. Akifa mtu asubuhi, kabla ya adhuhuri sanda imepatikana, turubai limefungwa, mchele umeletwa na kaburi limechimbwa, wala hakuna aliyeitisha kikao. Mauguzi ya saratani hayendi hivyo. Si kazi ya siku moja wala ya khitima tatu. Ni kazi ya miezi, na katika miezi hiyo ndimo tunamopotea mmoja mmoja.

Hebu tuitazame safari yenyewe. Kwa miaka mingi mgonjwa wa visiwani anayehitaji kupigwa mionzi amekuwa akivushwa mpaka Dar es Salaam, katika hospitali ya Ocean Road, mahali walipojenga Wajerumani katika miaka ya 1890 na ambapo tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Mtu wa Pemba hupanda boti mpaka Unguja, kisha boti nyengine mpaka Dar es Salaam. Mionzi yenyewe huchukua dakika chache tu, lakini hupigwa siku tano kila wiki kwa wiki kadhaa, na mara nyingi hufuatana na dawa za kutiwa mshipani. Mgonjwa hawezi kurudi nyumbani kila jioni. Hata pale ambapo matibabu yanagharimiwa na Serikali, iko nauli, iko pahala pa kulala, kiko chakula, na yuko mtu wa kufuatana naye, ambaye naye ameacha kazi yake.

Kwamba hatukutibiwa maradhi haya kwetu miaka yote hiyo ni suala ambalo hatutachoka kuiuliza Serikali. Walakini suala hilo halimpikii mtu uji leo usiku.

Mume wa mwalimu huyu ni mvuvi. Siku asiyokwenda baharini haina ujira. Akimfuata mkewe, watoto hawali. Akibaki, mke yuko peke yake ugenini, anatapika, na mwili hauna nguvu ya kumfikisha chooni. Binti yao mkubwa, aliye kidato cha pili, ameshaanza kubakia nyumbani awapikie wadogo zake. Hakuna aliyemwamrisha. Aliona pengo akaliziba kwa skuli yake. Ndugu wanachama, ikiwa liko jambo moja tu la kutukosesha usingizi katika khabari hii, basi ni hilo. Maradhi yamempata mama, tusiyaache yakamla na mtoto.

Kwa hiyo tunawaomba wanaofanya kazi pamoja na mgonjwa, wa skuli hii na wa pahala pengine popote, wasiishie kwenye bahasha. Wagawane vipindi vyake, na jina lake libakie katika ratiba, asirudi akakuta meza yake ina mtu mwengine. Mmoja wao azishike karatasi zake za ruhusa na mshahara, azifuatilie ofisini mpaka zijibiwe, kwani tunazijua ofisi zetu: karatasi isiyo na mtu wa kuisimamia hulala. Na fedha, ni bora kidogo kila mwezi kuliko kingi siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila mtu ana huruma. Mwezi wa tatu ndio mgumu.

Tena kuna dasturi yetu ya kwenda kumtazama mgonjwa kwa kundi. Ni dasturi njema, lakini dawa za saratani hupunguza kinga ya mwili, na mtu mwenye mafua anayekwenda kumpa pole huenda akamwachia maradhi mengine. Nawende wawili, wasikae sana, na mwenye kikohozi apeleke salamu.

Na midomo ifungwe. Tumesikia kwamba wako waliokwishamtengea kikombe, na wako wanaonong'ona juu ya tabia yake. Saratani haiambukizi kwa kikombe wala kwa mkono. Ama hii ya shingo ya kizazi, asili yake kwa kawaida ni kirusi ambacho watu wengi mno duniani hukipata wakati fulani wa maisha yao, na kwa walio wengi huondoka chenyewe. Hakichagui mwema na muovu. Mwenyewe ametuidhinisha tuyataje maradhi yake kwa jina. Alisema kuwa lau angalimsikia mwanamke mwengine akiyataja, angalikwenda kupimwa mapema, maana yakigunduliwa mapema hutibika.

Jambo la mwisho. Ombi lile halikufa. Baada ya mkutano, akina mama wa tawi walikaa chini ya mwembe wakaandika orodha, na ndani yake mna majina ya watu wa vyama vyote viwili. Chakula cha mchana cha watoto kimeshapata nyumba saba za kukileta kwa zamu, na binti amerudi skuli tangu Jumatatu. Wafuatanaji wa kwenda Dar es Salaam, kila mmoja kwa wiki moja, wamepatikana wanne. Wiki ya tano bado haina mtu. Atakayeweza na amwone katibu wa tawi kabla ya Ijumaa, kwani nauli yake tayari imeshawekwa.