Mulika Mwizi, Usimulike Nyota

Wasee, tuseme ukweli. Anga ya Nairobi haijafichwa na mawingu pekee. Tumeiziba sisi wenyewe kwa taa zinazoangalia juu, halafu tunaziita maendeleo.

Mwezi wa pili nilikuwa najaribu Seestar S50 juu ya ploti, pale kwa kamba za nguo. Ni darubini na kamera kwa kifaa kimoja, lenzi ya milimita 50, unaiongoza na simu. Inapiga picha za sekunde 10, moja baada ya nyingine, kisha inazipanga pamoja mpaka kitu hafifu kianze kuonekana. (Haijakamilika, lakini. Huku kwetu Orion hupita karibu na utosi, na pale juu kabisa mashine inahangaika kuifuata. Ngoja ishuke kidogo.)

Nebula ya Orion ilitoka safi. Noma ilianza nilipogeukia kusini kutafuta Nebula ya Carina. Upande huo ploti ya jirani imewekwa taa mpya ya sekyuriti, nyeupe pe, imeinuliwa kama inatafuta ndege. Nusu saa nzima nikavuna ukungu wa kijivu. Siku mbili baadaye stima ikapotea mtaa mzima. Darubini ina betri yake, basi nikarudia: kitu kilekile, nusu saa ileile. Manze! Gesi nyekundu imetanda, imekatwa na mistari myeusi ya vumbi. Sikuongeza hata shilingi kwa vifaa.

Kuna wale watasema tumia filta. Iko, ndani ya mashine, inapitisha mwanga wa haidrojeni na oksijeni, na kwa nebula inasaidia. Lakini Omega Centauri ni nyota tupu, kama milioni 10 hivi, na mwanga wake una rangi zote, sawa tu na wa hiyo taa nyeupe. Hapo filta itachuja nini?

Wengine watauliza, kwani unataka tuibiwe? Swali halali, hata mimi naishi hapa. Lakini hebu simama getini usiku uitazame hiyo taa. Inakupofusha, na kando ya ukuta kunabaki giza totoro. Mtu akijibanza hapo humwoni, yeye anakuona vizuri. Taa ya kumulika mawingu inamlinda nani? Ipindwe iangalie chini, ivishwe kofia, iwekwe sensa iwake mtu akipita. Geti litaonekana na bili itashuka.

Na tafadhali, msiniambie nyota ni mambo ya wazungu. Ukiwa London, Carina na Omega Centauri hazichomozi hata usiku mmoja kwa mwaka. Wapenzi wa anga wa huko hulipa ndege kuja kusini kuziona. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa mwaka mmoja tunapitiwa na karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini. Omega Centauri hata haihitaji darubini: penye giza la kutosha unaiona kwa macho, kama nyota yenye ukungu. Mtoto wa Kayole anapitiwa nayo angani na hajui iko.

Soja wa hiyo ploti nimeongea naye. Hana shida na kuipinda, ila anasema hawana ngazi, na landilodi hashiki simu. Kwetu ngazi iko. Jumamosi naibeba.