Oktoba Si Hakimu

Kuna uongo mmoja unaorudiwa kila mwaka katika besiboli ya Marekani, tena unarudiwa na watu wazima wenye akili zao timamu. Uongo wenyewe ni kwamba timu inayoshinda World Series, yaani zile mechi za mwisho kabisa za mwezi wa Oktoba, ndiyo timu bora ya mwaka. Nimeishi Seattle miaka mingi. Nimeusikia uongo huu kazini, kwa kinyozi, ndani ya basi, na mara moja hata kwenye matanga, nami kila mara nimeukataa. Leo naukataa kwa maandishi.

Ndugu msomaji, kama hujapata kuutazama mchezo huu, usihofu. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaukabili kwa gongo, akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo, na akirudi salama pale alipoanzia timu yake inahesabiwa mkimbio mmoja. Mengine utajifunza polepole. Jambo kubwa la kulijua ni kwamba kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu, kuanzia majira ya kuchipua hadi Septemba inapokwisha, karibu kila siku ya Mungu. Katika kandanda, ligi yenye timu 16 humaliza kazi kwa mechi 30 kwa kila timu, na bingwa anajulikana.

Kwa nini mechi nyingi kiasi hicho? Kwa sababu mechi moja ya besiboli haisemi kitu. Mwaka 2024 timu ya Chicago White Sox ilipoteza mechi 121, na hakuna timu iliyopata kupoteza nyingi hivyo tangu karne ya ishirini ianze. Lakini hata hiyo ilishinda mechi 41. Yaani timu ya kuchekwa na watoto iliwafunga wenzake mara moja katika kila mechi nne! Na timu inayoshinda sita katika kila kumi inahesabiwa kuwa timu kali sana. Hali ni hiyo hiyo kwa wapigaji. Anayefanikiwa mara 300 katika kila 1,000 ni mtu wa kuheshimiwa. Wa 260 ni wa kawaida tu. Wape wote wawili nafasi 20 za kupiga, ambazo ni sawa na mechi tano hivi. Wa kwanza atafanikiwa mara sita, wa pili mara tano. Nani katika wewe na mimi atakayeiona tofauti hiyo kwa macho? Inaonekana Agosti, haionekani kwa juma moja.

Sasa njoo tuangalie mwaka 2001. Mwaka huo Seattle Mariners walishinda mechi 116 na kupoteza 46, wakaifikia rekodi ya Chicago Cubs ya mwaka 1906. Nawaomba wasomaji wakumbuke kwamba timu hiyo ilikuwa imeachwa na mastaa wake watatu ndani ya miaka michache: Randy Johnson, Ken Griffey mdogo, na Alex Rodriguez. Tuliambiwa imekwisha. Akaja Ichiro Suzuki kutoka Japani, mwembamba kama mwanafunzi, akapata mapigo 242 msimu wake wa kwanza na kuongoza ligi kwa wastani wa .350. Jamie Moyer, mtu wa miaka 38 ambaye mpira wake ulikwenda polepole kiasi kwamba vijana waliona aibu kuukosa, alishinda mechi 20. Timu ilipata mikimbio mingi kuliko timu zote za nchi, ikaruhusu michache kuliko timu zote za ligi yake. Oakland, waliokuwa wa pili nyuma yao, walishinda mechi 102, na bado waliachwa kwa mechi 14.

Kisha ikaja Oktoba. Mariners wakawatoa Cleveland kwa taabu, halafu New York Yankees, timu iliyokuwa imeshinda 95, wakawafunga mechi nne kwa moja. Basi! Kesho yake pale kazini mwenzangu mmoja, Mmarekani mzaliwa wa hapa hapa, akaniambia kwamba msimu ulikuwa wa bure. Wa bure! Miezi sita, mechi 116, na mechi tano zinafuta zote kama ubao wa shule. Mzee mmoja wa Mombasa niliyefanya naye zamu ya usiku alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa upole: “Bwana, wewe mshahara wako unalipwa kwa siku tano za mwisho wa mwaka?” Hakujibiwa.

Najua hoja watakayoileta, maana wanaileta kila mara: kwamba urushaji ndio unaoshinda Oktoba, na timu isiyo na warushaji wa nguvu haistahili taji. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ukweli huo unawahukumu wao wenyewe. Katika msimu mrefu timu huhitaji warushaji watano wa kuanza mechi, maana mkono wa mtu ni nyama na mfupa na hupumzishwa siku nne au tano. Mrushaji wa nne na wa tano ndio wanaoonyesha kama timu imejengwa au imepambwa tu. Oktoba siku za mapumziko ni nyingi, kwa hiyo kocha anaweza kuwaweka hao kando na kuwategemea wawili watatu. Arizona, waliokuja kuwafunga Yankees mwaka huo huo wa 2001, walishinda mechi nne za World Series, na zote nne ziliandikwa kwa jina la watu wawili: moja Curt Schilling, tatu Randy Johnson. (Naam, Johnson yule yule aliyekuwa wetu. Tuyaache hayo.) Siwanyimi sifa, walirusha kwa namna ya kutisha. Lakini Arizona walikuwa wameshinda mechi 92 tu msimu mzima. Kilichopimwa Oktoba ni mikono ya watu wawili. Kwa nini basi kipimo hicho kiitwe kipimo cha timu?

Na kipimo hiki kinawadhulumu watu. Ted Williams wa Boston ndiye mtu wa mwisho katika ligi hizi kubwa za jadi kumaliza msimu akiwa na wastani wa zaidi ya .400, alipata.406 mwaka 1941. Asubuhi ya siku ya mwisho angeweza kukaa benchi na kuandikiwa .400 yake, akakataa, akacheza mechi mbili na kupata mapigo sita katika nafasi nane. Alifika World Series mara moja tu, mwaka 1946, akapata mapigo matano katika nafasi 25. Wako waliomtia doa kwa juma hilo moja mpaka anastaafu. Upande wa pili yupo Don Larsen, aliyerusha mechi nzima ya World Series mwaka 1956 bila mpinzani hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Maajabu, wala sibishi. Lakini maisha yake yote ya kazi alishinda mechi 81 na kupoteza 91. Sisi tuliokulia Tanzania tunaujua uchungu wa namna hii: miaka saba darasani, kisha siku mbili za mtihani wa darasa la saba zinaamua nani ana akili na nani hana.

Wako watakaosema kwamba mila ni mila. La hasha, hii si mila! Hadi mwaka 1968 aliyeongoza msimamo wa ligi yake ndiye aliyepewa bendera ya ubingwa wa ligi, kisha akakutana na bingwa wa ligi ya pili. Mwaka 1969 kila ligi ikagawanywa makundi mawili, na bendera ikahamia kwa mshindi wa mtoano. Mwaka 1995 akaanza kutumika yule ambaye magazeti yetu ya michezo humwita mshindwa bora. Mwaka 2012 akaongezwa wa pili, na tangu 2022 timu 12 kati ya 30 zinaingia. Matunda yake tumeyaona. Mwaka huo wa 2022 Los Angeles Dodgers walishinda mechi 111, wakatolewa na San Diego waliokuwa na 89. Mwaka uliofuata Atlanta, Baltimore na Dodgers walishinda kila mmoja 100 au zaidi, wote wakatoka mapema, na Arizona yenye 84 ikafika World Series. St. Louis walikuwa wamekwisha kutwaa taji mwaka 2006 kwa ushindi wa mechi 83.

Wanaotetea utaratibu huu husema unaleta msisimko Septemba, na miji midogo inabaki na tumaini. Msisimko upo, sikatai; usiku wa tarehe 28 Septemba 2011, Boston na Atlanta walipopoteza nafasi zao karibu kwa wakati mmoja, sikulala. Lakini huo ni msisimko wa kugombea mlango wa nyuma. Mwaka 1993, kabla ya mshindwa bora, San Francisco Giants walishinda mechi 103, na siku ya mwisho wakafungwa na Dodgers 12 kwa 1. Atlanta walishinda siku hiyo, wakafikisha 104. Giants wakaenda nyumbani. Mashabiki wa nchi nzima walifuata kila mpira wa juma lile, kwa sababu kila mpira ulikuwa na uzito. Leo timu hizo mbili zote zingeingia, na siku ile ingekuwa ya kawaida kabisa.

Sidai kwamba Oktoba ifutwe. Fedha za televisheni hazitakubali, na mimi mwenyewe nitaitazama. Ninachodai ni kidogo. Uingereza bingwa wa ligi ana kombe lake na mshindi wa mtoano ana kombe lake, na hakuna anayemchanganya mmoja na mwingine. Hapa Marekani ligi ya kandanda inatoa ngao kwa timu iliyofanya vizuri zaidi msimu mzima. Besiboli, yenye msimu mrefu kuliko yote, haitoi hata kikombe cha bati. Na litengenezwe kombe, likabidhiwe uwanjani siku ya mechi ya 162, wachezaji wakiwa bado na vumbi, kabla Oktoba haijaanza kelele zake. Na ikiwa watapenda kuwatafuta waliostahili zamani, waanze na 2001.