Shibe Isiyojenga Mwili

Wilaya za Ngara na Biharamulo si wilaya za njaa. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, migomba huzunguka nyumba, maharage hupandwa chini ya migomba hiyo hiyo na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, na mihogo hukaa ardhini ikingoja siku ya shida. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika Mkoa wa Kagera, ambamo wilaya hizo mbili zimo, watoto wapatao 34 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao ni kidogo kuliko umri wao unavyotaka. Kwa nchi nzima idadi hiyo ilikuwa 30. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2015/16 ulikuwa umekuta karibu watoto 42 katika kila 100 mkoani humo. Nafuu imepatikana, na wanaostahili pongezi wapewe. Lakini mkoa wenye chakula, ambao bado unaizidi nchi kwa watoto waliodumaa, una swali la kujibu.

Wala Kagera haiko peke yake. Katika uchunguzi huo wa mwaka 2022, Iringa ilikuwa na watoto waliodumaa wapatao 57 katika kila 100, na Njombe na Rukwa kama 50 kila mmoja. Na hiyo ni mikoa ambayo taifa huitegemea kwa mahindi. Ni dhahiri basi kwamba ghala lililojaa si ushahidi kuwa mtoto amelishwa. Wako viongozi ambao kila wasikiapo neno lishe hukimbilia kutaja tani za mazao yaliyovunwa. Tani ni jambo jema, lakini mtoto hali tani.

Tatizo la Ngara na Biharamulo ni mlo ulioegemea upande mmoja. Ndizi, muhogo, viazi na ugali ni vyakula vya kutia mwili nguvu, na hakuna sababu ya kuvibeza. Vizazi vingi vimelima na kujenga kwa vyakula hivyo. Lakini gramu 100 za ndizi mbichi za kupika zina protini ipatayo gramu 1 tu, na muhogo hauzipiti kwa mengi, ilhali gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20. Wazee wa zamani hawakuwa na mizani ya kupima hayo, ila walijua kupika ndizi na maharage katika chungu kimoja. Chakula hicho kikiongezwa mboga za majani na mafuta kidogo, na tunda likafuata, ni mlo kamili ambao hauhitaji duka.

Kinachosumbua ni kwamba maharage ndiyo yanayotoka nyumbani kwanza. Yavunwapo Januari, shule zinafunguliwa na sare na madaftari vinadaiwa. Yavunwapo Juni na Julai, wanunuzi wamekwisha kufika na magunia yao. Mayai hufuata, kisha kuku, kisha maziwa. Fedha irudiyo hununua sukari na vocha ya simu, na sehemu yake huishia kilabuni. Hapana anayemkataza mkulima kuuza mazao yake, maana bila fedha hakuna sare wala dawa. Suala ni kujua kiasi cha kubakiza. Kaya ya watu sita ikipika gramu 300 za maharage kwa siku itahitaji kilo 54 hivi kwa miezi sita, yaani kama nusu ya gunia kutoka mavuno hadi mavuno. Hesabu hiyo yaweza kufanywa na mwanafunzi wa darasa la tano, na ingefaa afundishwe kwa mfano huo badala ya mifano ya treni mbili zinazopishana.

Anayeumia zaidi katika mlo wa upande mmoja ni mtoto aliyevuka miezi 6. Kabla ya hapo maziwa ya mama humtosha kwa kila kitu. Baada ya hapo huhitaji chakula cha ziada huku akiendelea kunyonya, na kwa kuwa tumbo lake ni dogo, hana budi kulishwa mara mbili au tatu kwa siku, na afikapo miezi 9, mara tatu au nne. Mtu mzima aweza kula sinia la ndizi na kupata alichokosa kwa wingi wake. Mtoto hawezi, maana hujaa kabla hajalishwa. Sasa katika msimu wa kulima mama huondoka alfajiri na kurudi jua likielekea kuzama. Mtoto huachwa na dada yake wa miaka minane, pamoja na ndizi zilizopoa au uji mwepesi wa muhogo. Uji huo humnyamazisha, haumkuzi. Mhadhara juu ya makundi ya vyakula hausaidii kitu hapo iwapo baba wa nyumba hajaambiwa waziwazi kwamba maji na kuni vyaweza kubebwa na mikono yake pia, na kwamba yai moja lililobaki nyumbani lina thamani kuliko bei yake njia panda ya Nyakanazi. Ni jambo la kushangaza kwamba hata leo mikutano ya lishe huitisha akina mama peke yao, kana kwamba wao ndio wenye ufunguo wa ghala.

Hatari ya kudumaa ni kwamba hakuonekani. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba miguu, nywele zake hubadilika rangi, na mama hukimbilia zahanati. Mtoto aliyedumaa hucheza na wenzake, naye akisimama kati yao haonekani mfupi kwa sababu wenzake nao wamedumaa. Kliniki humpima uzito. Kimo hupimwa kwa nadra zaidi. Husemwa tu kwamba ukoo wao ni wa watu wafupi, na mjadala ukaishia hapo.

Walimu ndio wanaokuja kulipokea deni hilo. Kati ya mwaka 1991 na 1994 kaya zaidi ya 900 za Mkoa wa Kagera zilichunguzwa hali zao za afya na maisha, na miaka kumi baadaye, mwaka 2004, watu wale wale wakatafutwa tena. Wachambuzi wa taarifa hizo walionyesha kwamba watoto waliokuwa na lishe duni kabla ya umri wa shule walichelewa kuanza masomo na wakaishia kupata elimu kidogo kuliko wenzao. Mwalimu anayelalamika kwamba darasa lake la tatu halijui kusoma ana haki ya kulalamika, lakini baadhi ya sababu ziliingia darasani kabla yake, na ziliingia kwa njia ya chungu.

Kwamba binadamu hatosheki na chakula cha aina moja, Ngara ina kumbukumbu yake. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi wakiikimbia Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Wakimbizi walipewa mahindi, maharage na mafuta kwa kipimo. Haukupita muda, biashara ya kubadilishana ikashamiri kati yao na wanavijiji: mahindi na mafuta ya msaada yalitoka kambini, ndizi na vyakula vingine vya shambani vikaingia. Watu waliopoteza kila kitu walitafuta kwanza kuukamilisha mlo wao, na wenyeji nao wakapata mafuta yaliyokuwa adimu vyunguni mwao. Hakuna mtaalamu aliyewafundisha hayo.

Elimu ya chakula nayo si ngeni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio, na mwaka huo huo ikatungwa sheria iliyoanzisha chombo cha taifa cha chakula na lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Kuanzia mwaka 1983 mkoani Iringa, na baadaye katika mikoa mingine, Kagera ikiwamo, watoto walipimwa uzito vijijini mwao kila baada ya miezi mitatu. Faida ya mpango ule haikuwa mzani. Faida ilikuwa kwamba baada ya mzani kijiji kiliketi na kujiuliza kwa nini mtoto fulani hakui: je, mama anaumwa, kisima kiko mbali, au baba ameuza kila kitu? Upungufu mkali wa lishe ulipungua sana katika vijiji vile. Leo takwimu hupanda ngazi haraka kuliko zamani, kwa simu na kompyuta, lakini ni mara chache kurudi kwa waliopimwa.

Hapo ndipo watumishi wa umma wanapohusika, na si kwa kauli zao tu. Kijijini mtumishi ni kioo. Anachokula huhesabiwa kuwa chakula cha walioendelea. Akinywa chai ya rangi na maandazi asubuhi, chipsi mchana na soda jioni, vijana humwiga, na mchicha, mnafu, kisamvu na majani ya maboga huonekana kuwa chakula cha wasio na uwezo. Mwalimu anayesifu mboga za majani darasani kisha akaagiza soda dukani mbele ya wanafunzi hao amefundisha masomo mawili, na la pili ndilo litakalokumbukwa. Mwenyewe pia hapati faida. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takribani robo yao wana shinikizo la damu la juu, na wapatao 9 katika kila 100 wana kisukari. Hivyo nyumba moja ya mtumishi yaweza kuwa na mtoto aliyekosa protini na baba aliyezidiwa na mafuta, na wote wawili wakasifiwa kwamba kwao hakukosekani chakula.

Ugali wenyewe umeharibiwa na heshima ya weupe. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe, sehemu kubwa ya vitamini na madini huishia kwenye pumba. Dona hubaki na vitu hivyo, hushibisha kwa muda mrefu na hugharimu kidogo. Dagaa nao, wanaoliwa mzima pamoja na mifupa yao, ni chakula bora cha kujenga mwili. Biharamulo ilipoteza sehemu ya ziwa ilipotengwa Chato, ambayo tangu mwaka 2012 imo Mkoa wa Geita, lakini gulio halijui mipaka ya mikoa. Aibu ni kwamba dagaa wengi wa Ziwa Viktoria husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo, na mayai ya kuku hao yakapelekwa mjini.

Lakini mahali ambapo mtumishi ana mamlaka ya kubadili mlo mara moja, bila kungoja mapato yaongezeke, ni shuleni. Baada ya elimu bila ada kuanza Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba hata mchango wa chakula umefutwa, na kamati nyingi za shule hazikuwa na ujasiri wa kuwaeleza vinginevyo. Matokeo yake mtoto wa darasa la kwanza hutembea asubuhi akiwa na chai tupu tumboni na kukaa hadi saa nane. Palipo na chakula, mara nyingi ni makande au ugali na maharage, Jumatatu hadi Ijumaa, mwaka mzima. Huo ni mwanzo mzuri, nao hupita njaa kwa mbali. Ila shule hiyo hiyo ina ardhi, ina jembe, na ina walimu wa sayansi ya kilimo. Matuta machache ya viazi lishe vya rangi ya chungwa yangewapa wanafunzi vitamini A, na matembele yake yakawa mboga. Mbegu ya viazi hivyo hugawanywa kwa kukata mashina tu. Mipapai kumi kando ya uwanja haihitaji kibali cha wizara. Bustani ya mchicha hunyweshewa kwa maji yaliyooshea vyombo. Shamba la shule likilimwa mahindi peke yake ili yauzwe kununua chaki, hapo mkuu wa shule amekosa ubunifu, si fedha.

Michango ya wazazi isiombwe kwa fedha peke yake. Mkulima wa Rulenge au Nyakanazi asiye na shilingi mkononi mwezi Januari ana maharage uani, yaliyotoka kuvunwa. Kamati ya shule inayokutana Machi, maharage yakiwa yamekwisha kuuzwa, imejichagulia yenyewe kushindwa.

Zipo pia fedha za umma. Halmashauri zimeagizwa kutenga si chini ya shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mwaka 2017, na mwaka 2022 ukatiwa saini mwingine mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Shilingi 1,000 ni bei ya mayai mawili au matatu, kwa hiyo hakuna atakayedai kwamba ni mzigo. Swali ni iwapo hutolewa, na zikitolewa kama hutumika kwa watoto au huliwa katika posho za semina. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo mwaka. Siku hiyo, kabla ya mzani kutundikwa, mtendaji wa kijiji na awasomee wazazi hesabu mbili: watoto wangapi wa kijiji hicho walipimwa kimo robo iliyopita na wangapi wamedumaa, na shilingi ngapi za halmashauri zilifika hapo, kwa kazi gani.