Muguka Mmoja, Kalamu Nne

Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, aina ya miraa ambayo majani yake hutafunwa. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Huko Mbeere, upande mkavu wa Embu ambako majani hayo ndiyo karo na ndiyo unga, habari hizo zilianguka kama radi ya kiangazi. Wakulima wakakimbilia Mahakama Kuu ya Embu, nayo ikasimamisha marufuku hayo kwa muda. Kwa wiki kadhaa muguka ulizungumzwa redioni, kwenye matatu, misikitini, makanisani na katika mikutano ya wanasiasa.

Kuzungumzwa ulizungumzwa sana. Kuandikwa vizuri ni jambo jingine. Mwananchi aliyetaka kulielewa sakata lile alihitaji angalau karatasi nne mezani. Moja ya mtu wa afya, ikimweleza kathinoni iliyomo kwenye jani inafanya nini mwilini mwa kijana anayetafuna kutwa. Ya pili ya mtu wa kilimo, ikieleza kwa nini mmea huu husimama pale mahindi yanaponyauka. Ya tatu ya mwanauchumi, ikifuata shilingi kutoka shambani hadi kibandani Kongowea, Mombasa. Na ya nne ya mwanasheria, ikijibu swali gumu: je, kaunti moja ina mamlaka ya kufungia mlango zao linalotambuliwa na sheria za taifa? Mmea ni mmoja, lakini karatasi hizo nne haziandikwi kwa namna moja hata kidogo.

Wanaopaswa kuziandika wanasomea huko huko Embu na jirani zake. Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati ya kujitegemea Oktoba 2016, katika uwanja uliokuwa wa EAST, chuo kilichowanoa maafisa wa kilimo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, mahali ambapo Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, lina makao yake. Hicho na Chuo Kikuu cha Chuka vilipata hati mwaka 2013. Kabla yao Chuo Kikuu cha Methodisti, KeMU, kilikuwa kimepata yake 2006 kule Kaaga, Meru. Wauguzi, wahandisi, walimu, wataalamu wa udongo na wa kompyuta wanatoka huko kila mwaka.

Tatizo ni kwamba katika vyuo vingi vya Kenya uandishi hufundishwa mara moja tu, mwaka wa kwanza, katika somo la lazima la Stadi za Mawasiliano. Ukumbi hujaa hadi madirishani. Muuguzi wa kesho anakaa bega kwa bega na mhandisi wa kesho, wote wakifundishwa barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, namna ya kunukuu na namna ya kupanga aya. Mtihani ukipita, basi. Miaka mitatu baadaye, mwanafunzi yule yule anaambiwa alete mradi wa utafiti wenye sura tano, na msimamizi anashika kichwa: hawa watoto hawajui kuandika! Ni sawa na kumwonyesha mtu jembe msimu mmoja, kisha kumdai magunia baada ya miaka mitatu.

Lawama kwa kawaida hutumwa chini, kwa shule ya upili. Lakini mwalimu wa upili alifundisha alichotakiwa kufundisha. Karatasi ya Insha ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, inamtaka mtahiniwa aandike hotuba, barua, mahojiano au kisa kinachofumbata methali. Kuna vijana wa Meru na Embu wanaozimudu insha hizo kwa ufundi wa kuonewa wivu. Hakuna aliyewahi kuwaomba waeleze kwa nini shamba la pili katika jaribio la mbolea lilizaa kuliko la kwanza. Kijana huyo akifika maabara huandika anavyojua. Ripoti ya maabara haifunguliwi kwa methali, lakini ni nani aliyemwambia?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kila fani ina namna yake ya kuaminika, na namna hiyo imo ndani ya sentensi zake. Mkemia huandika “sampuli ilipimwa” bila kumtaja aliyepima, kwa sababu madai yake ni kwamba yeyote akifuata hatua zile atapata jibu lile. Mwanahistoria akifanya hivyo ameharibu kazi. Yeye lazima amtaje aliyesema, umri wake, ukoo wake na jinsi alivyoyajua anayoyasema. H.S.K. Mwaniki alipokusanya masimulizi ya wazee na kuyatoa katika Embu Historical Texts mwaka 1974, uzito wa kitabu ulikuwa katika sauti za wazee wenyewe. Msomaji anaweza kuona nani alisema nini, akalinganisha, akakataa.

Muuguzi naye ana sheria nyingine kabisa. Wauguzi hukumbushana kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Kuandika kwenye faili “mgonjwa ameamka vizuri” ni maneno matupu. Anayepokea zamu anataka saa, joto la mwili, mapigo ya moyo, dawa iliyotolewa na kiasi chake, basi. Uzuri wa lugha hauna nafasi hapo, na kosa la tarakimu moja linaweza kumaliza mtu. Mwanasheria, kwa upande wake, hufa kwa neno “na” lililowekwa mahali pa “au”.

Mambo hayo hayawezi kufundishwa na mwalimu wa Stadi za Mawasiliano, hata awe hodari namna gani. Ameyajulia wapi? Anayejua kwa nini ripoti ya udongo wa Embu inapaswa kutaja kina cha shimo lilipochotwa sampuli ni mwalimu wa udongo. Naye akiulizwa hujibu kwamba yeye si mwalimu wa lugha.

Jibu hilo lina sababu, na haifai kulifanyia mzaha. Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 akitaka kurasa kumi kwa kila mmoja atakuwa na kurasa 2,000 za kusoma, huku mtihani ukikaribia na mshahara ukiwa na historia yake ya migomo. Matokeo yake ni jaribio la katikati ya muhula, CAT, linalorudi na tarakimu nyekundu bila neno lolote. Wakati mwingine halirudi kabisa, likajiunga na hadithi ya zamani ya alama zilizopotea. Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili: ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi ni kurasa 200. Ukurasa mmoja uliosomwa, ukaandikiwa maneno mawili pembeni, ukarudishwa kuandikwa upya, unafundisha kuliko kurasa kumi zilizopigwa alama ya vema na kufungiwa kabatini.

Ushahidi wa hilo uko mahali pa aibu. Kwa miaka mingi maelfu ya vijana wa Kenya wamekuwa wakiwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo kwa malipo. New York Times iliandika habari hizo 2019, na mwaka 2024 ikatoka filamu ya The Shadow Scholars, ikimfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta waandishi hao. Uingereza ilitunga sheria 2022 kuzuia biashara hiyo. Ni udanganyifu, na hakuna haja ya kuupamba. Hata hivyo, tazama kijana wa biashara ile alivyojifunza. Leo anaandika juu ya vidonda vya kisukari, kesho juu ya sheria ya mikataba, keshokutwa juu ya falsafa. Anapewa maelekezo marefu yanayosema msomaji ni nani na alama zitatolewaje. Akikosea, kazi inarudi siku hiyo hiyo na orodha ya makosa, na asiporekebisha halipwi. Chumba cha kupanga chenye kompyuta ya mitumba kimempa kijana huyo kile ambacho ukumbi wa mihadhara ulimnyima: msomaji anayerudisha kazi.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 soko hilo limetikisika, na programu hiyo hiyo sasa imo mifukoni mwa wanafunzi wa Nchiru na Chuka. Inaweza kutoa sura tano kabla chai haijapoa. Mhadhiri anayesubiri kitu kilichokamilika mwisho wa muhula hana njia ya kujua kimetoka wapi. Aliyeiona rasimu ya kwanza, akauliza maswali yake, akaiona ya pili, anajua.

Wazo la kuupeleka uandishi kwa kila idara si geni duniani. Mwaka 1969 Barbara Walvoord, akiwa katika chuo kidogo cha Central huko Pella, Iowa, Marekani, aliwakusanya walimu wa fani mbalimbali kuzungumzia maandishi ya wanafunzi wao. Baadaye vyuo vingi vya Marekani viliweka masharti ya kozi za uandishi ndani ya kila fani. Kenya, kinyume chake, imependa kuweka masharti juu ya paa kabla ya ukuta: miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 ilidai anayesomea uzamivu achapishe makala mawili katika majarida ya kitaaluma. Mtu ambaye hajawahi kurudishiwa ukurasa tangu mwaka wa kwanza anatakiwa ghafla awashawishi wahakiki wa jarida. Wengine huishia kwa majarida yanayochapisha chochote mradi ada ilipwe.

Bila shaka, pamoja na hayo yote, eneo hili la Meru na Embu limetoa waandishi wa fani. Gitobu Imanyara, wakili kutoka Meru, alianzisha Nairobi Law Monthly mwaka 1987 na kuifanya sheria isomwe na watu wasio mawakili. Serikali ililiogopa gazeti hilo kiasi cha kulipiga marufuku 1990. Mwaka uliofuata Imanyara akapewa tuzo ya kimataifa ya Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru.

Kinachoweza kufanyika muhula ujao hakihitaji kamati. Kila idara ichague kozi moja ya mwaka wa pili na moja ya mwaka wa tatu, ambamo ukurasa mmoja utaandikwa, utasomwa na kuandikwa tena. Mwalimu wa lugha aalikwe kwenye mkutano wa idara ya kilimo, si kusahihisha viambishi, bali kuwauliza wenzake wanapenda nini katika ripoti nzuri na kwa nini. Wengi watagundua hawajawahi kukisema kwa sauti.

Na ukurasa mmoja uandikwe kwa Kiswahili, Kimeru au Kiembu. Mwanafunzi aliyepima muguka wa Mbeere kwa Kiingereza cha sura tano apeleke matokeo yake Kiritiri, huko huko Mbeere, siku ya baraza, ayasome mbele ya waliomwazima mashamba yao. Watamuuliza bei. Watamuuliza kama dawa ya wadudu inabaki kwenye jani, na kwa siku ngapi. Pengine atalazimika kurudi kuandika upya.