Je, Mikono Yako Inajua?

Jioni moja mimi na mume wangu tulikuwa Forodhani tunakula urojo, tukiwatazama vijana wakijirusha baharini. Mmoja akachelewa kuibuka. Watu tukasimama, hakuna aliyejua la kufanya. Alhamdulillahi, akaibuka mwenyewe, anacheka! Mimi usiku ule sikulala. Visiwani hatujasahau MV Spice Islander, Septemba 2011, wala MV Skagit, Julai 2012.

Tukajiandikisha wote wawili mafunzo ya huduma ya kwanza. Jamani, kazi! Aliyezama na hapumui huanzwa kwa kupuliziwa pumzi, maana amekosa hewa. Kisha unakandamiza kifua mara 30, pumzi mbili, tena na tena, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Dakika mbili tu juu ya lile sanamu la mazoezi, mikono ikaniisha nguvu. "Pokezaneni!" akasema mwalimu. Mume wangu akapokea palepale, kimya, jasho linamtoka.

Tumeshaambiana "nitakufia" mara nyingi tu. Siku ile nilijua kwamba nikianguka, huyu hatabaki kupiga kelele. Na wewe, mwenzako akianguka leo, utafanyaje?