Mchango wa Januari Uhamie Agosti

Kila Desemba makundi yetu ya WhatsApp huchangamka: sare, viatu, madaftari, basari. Fedha hufika Kitui na Makueni kabla shule hazijafunguliwa, nasi tulio ng'ambo tunalala tukiamini watoto wamerudi darasani salama. Ukarimu haujapungua: mwaka 2023 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4. Kasoro iko kwenye kalenda. Tunatoa katika mwezi ambao mtoto wa Ukambani ana nafuu kidogo, kisha tunanyamaza katika mwezi unaomchosha kuliko yote.

Kwetu Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya vuli. Ikinyesha vizuri Novemba na Desemba, Januari huwa na kunde mbichi shambani na maembe mitini, na mahindi yanangoja Februari. Mvua ya Machi hadi Mei ni ya kubahatisha. Kwa hiyo muhula wa tatu unapoanza, mwishoni mwa Agosti, nyumba inakula mabaki ya mavuno ya miezi sita nyuma, mito imebaki mchanga mtupu na safari ya kuteka maji imerefuka. Mtoto wa Mutomo au Kathonzweni anaweza kufika shuleni na mkoba mgongoni, mtungi wa lita 5 mkononi na chai ya strungi tumboni, kama hiyo chai ilipatikana. Saa nne anasinzia, na anaitwa mvivu. Kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakikataza tena, lakini kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake hakuhitaji kiboko. Tukisema tunajali hali ya moyo ya mtoto anayerudi shule, tuanze na njaa na kiu, kwa sababu kabla hayo hayajatulia ushauri nasaha wowote hauna pa kushika. Na njaa hiyo si ya mwaka mmoja: tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha katika maeneo kame ya Kenya. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza katika kipindi hicho alijifunza kusoma ndani ya ukame.

Ugonjwa wa Korona ulituonyesha jambo hilohilo, kwamba tumbo hutangulia somo, kwa upande mwingine. Shule zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 4, 2021. Mjadala ulihusu silabasi iliyopotea. Wachache walitaja kwamba palipokuwa na mpango wa chakula, lango lilipofungwa sufuria nayo iliinuliwa jikoni.

Wapo watakaosema chakula cha shule ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tusiache kuidai: mpango unaonunua chakula kwa wakulima wa nchini ulianza 2009, na mwaka 2018 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliikabidhi serikali jukumu lake. Lakini Katiba ya 2010 iliacha shule za msingi mikononi mwa serikali ya kitaifa na chekechea mikononi mwa kaunti, hivyo gavana anayeombwa uji wa darasa la tano ana jibu tayari. Mtoto hawezi kungoja ofisi mbili zielewane. Wengine wanahofia tutawazoeza wazazi kupokea tu. Hofu hiyo ina uzito, na dawa yake inajulikana: Nairobi, katika mpango ulioanza 2023, mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani. Kwetu mzazi anaweza kuleta kuni, debe la mahindi baada ya mavuno, au zamu ya kukoboa mahindi ya muthokoi. Na kwa wanaouliza iwapo isyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, inapandisha alama za mtihani, tunajibu kwamba hata isipopandisha, mtoto wa miaka minane ana haki ya kushiba mchana.

Tunapendekeza basi mchango wa jumuiya ukusanywe Juni na Julai. Sehemu ya kwanza inunue maharagwe na mahindi ya majuma ya mwanzo ya muhula wa tatu, kutoka kwa wakulima wa hapohapo. Ya pili iende kwenye matangi na mifereji ya paa, ikamilike kabla ya Oktoba ili mvua ya kwanza isipite bure. Sare zinaweza kungoja. Sweta ya mwaka jana bado inavalika.