Mfalme asishike chetezo

Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya kulizuka ubishi: mtu wa Mungu akishika na uongozi wa watu, si ndiyo vizuri zaidi? Wengi walisema ndiyo, juu atamwogopa Mungu. Mimi nilikataa, na muda uliisha kabla sijamaliza, kwa hiyo namalizia hapa.

Kwa Wayahudi wa zamani hizo zilikuwa kazi mbili za koo mbili. Ukuhani ulikuwa wa wana wa Haruni, kabila la Lawi. Ufalme, tangu Daudi, wa Yuda. Mfalme Uzia alikuwa hodari, alijenga minara, alichimba visima, jeshi lake liliogopwa. Siku moja akaingia hekaluni afukize uvumba mwenyewe. Kuhani Azaria akamfuata na makuhani 80, wakamwambia atoke. Akakasirika, chetezo kikiwa mkononi, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso. Watu wanakumbuka ukoma tu. Mimi nakumbuka wale 80.

Rafiki mmoja akasema: huyo ni mfalme aliyeingilia ukuhani, je kuhani akiingia ufalme? Ilitokea pia. Wamakabayo walikuwa ukoo wa makuhani, walipigania hekalu na watu wakawapenda, haki yao. Mwaka 152 K.K. Yonathani akawa kuhani mkuu. Aliyempa ni mfalme mgeni, Alexander Balas, aliyetafuta wa kumsaidia vitani! Kisha watu wakamkubali ndugu yake Simoni awe kiongozi na kuhani mkuu, lakini mpaka atokee nabii wa kuaminika. Hilo sharti nalipenda. Wajukuu zake hawakulijali, wakajivika taji.

Mjukuu mmoja, Alexander Jannaeus, alikuwa madhabahuni Sikukuu ya Vibanda, watu wakamrushia matunda jamii ya malimau waliyoyabeba kwa ibada. Mwanahistoria Josephus anaandika kwamba waliuawa watu kama 6,000.

Sasa jamani, ndugu wa wale waliouawa wangelalamika kwa nani? Mfalme akikuonea, unakimbilia kwa kuhani. Kuhani akikuonea, unaenda kwa mfalme. Na hapa ni mtu yuleyule. Sisi wa kambini tunalijua hilo: anayeandika orodha ya msaada akiwa ndiye anayehubiri Jumapili, jina lako likirukwa utanyamaza, maana ukisema wataambiwa unampinga Mungu.

Jannaeus alipokufa akatawala mke wake, Salome Alexandra. Mwanamke hakuruhusiwa kuwa kuhani, basi kazi zikagawanyika zenyewe, na nchi ikatulia kiasi kwa miaka 9 hivi. Alipofariki, wanawe wawili wakagombania vyote viwili, mpaka Pompey wa Roma akaingia Yerusalemu mwaka 63 K.K.

Sisemi mchungaji asigombee. Agombee, ila akishinda, mimbari na sadaka amwachie mwingine. Tukichagua mwenyekiti wetu wa vijana nitasema hivyohivyo, hata kama mgombea ni yule rafiki yangu wa kwaya.